"Imepita" si "Imeanza": Tuulizeni Tarehe

Kuna neno moja linatuchezea akili Wakenya, na neno lenyewe ni "imepita."

"Wasee, ile sheria imepita!" Umeona posti kama hiyo mara ngapi? Dakika kumi baadaye grupu nzima ya WhatsApp inawaka moto. Mmoja anafuta posti zake za mwaka juzi. Mwingine anasema tumekwisha. Wa tatu anauliza kama kesho asubuhi karao watabisha mlango. Skrinishoti inazunguka kutoka Kayole hadi Kisauni, na hakuna hata mmoja anayeuliza swali la maana: imepita wapi, na inaanza lini?

Msimamo wangu sitauzungusha. Sheria isiyo na tarehe ya kuanza ni kama "nakulipa wiki ijayo" ya mtu ambaye hajakuambia ni wiki gani. Na sisi vijana tunaopiga kelele kuhusu kila mswada tumeacha jambo moja kwa wakubwa bila kuliuliza, nalo ni kalenda. Wao wanaijua kalenda vizuri sana. Wanajua lini pa kukimbia na lini pa kulala. Sisi tunajua hashtegi tu.

Wacha tuanze na hatua zenyewe, kwa sababu huwezi kupigana na kitu usichojua kiko wapi.

Mswada ni pendekezo. Wabunge wanausoma, wanaubishania, wanaurekebisha, halafu wanaupigia kura. Kama unagusa kaunti, Seneti nayo inaingia. Ukipita Bungeni, bado ni mswada. Narudia, bado ni mswada. Hauwezi kukukamata, hauwezi kukutoza ushuru, hauwezi kukulinda. Unapelekwa kwa Rais, na Katiba yetu, Kifungu cha 115, inampa siku 14. Ndani ya hizo siku ana njia mbili: atie sahihi, au aurudishe Bungeni akieleza anachokipinga. Na hapa kuna kitu wengi hawajui: akikaa kimya mpaka muda uishe, mswada unahesabiwa kuwa umekubaliwa. Kimya cha Rais si kukataa. Msemo wa wazee kwamba kimya ni jibu, hapa umo ndani ya Katiba.

Sahihi ikishawekwa, ndipo tunaweza kusema sheria imetungwa. Lakini kutungwa na kuanza kutumika ni mambo mawili. Kifungu cha 116 kinasema sheria ichapishwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ndani ya siku saba baada ya sahihi. Halafu inaanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa sheria yenyewe itaje siku au wakati mwingine.

Kwa hivyo mtu akikuambia "imepita," mwulize: imepita kura? Imepita sahihi? Imepita Gazeti? Au imepita tarehe yake ya kuanza? Ni milango minne hiyo. Mtu aliyevuka mlango wa kwanza wa benki hajafika kwenye pesa.

Najua kuna mtu tayari anaandika komenti: "Buda, hizo ni stori za mawakili." Hapana. Hizo ni stori za mfuko wako na shingo yako, na nina ushahidi.

Kumbuka Juni 2024. Jumanne tarehe 25, Bunge la Taifa lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106. Vijana walikuwa barabarani, wengine wakaingia hadi ndani ya Bunge, na kuna waliopigwa risasi siku hiyo na hawakurudi nyumbani. Kesho yake, tarehe 26, Rais alitangaza kwamba hatatia sahihi, akaurudisha akitaka vifungu vyote viondolewe. Fikiria kwa makini kilichotokea hapo. Kura ilikuwa imeshapigwa. Kwa lugha ya grupu, "ilikuwa imepita." Lakini kulikuwa bado na mlango mmoja, mlango wa sahihi, na presha iliwekwa pale pale. Kama kila mtu angeamini kwamba kura ya wabunge ndiyo mwisho, si wangefunga simu na kwenda kulala?

Rudi nyuma mwaka mmoja. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitiwa sahihi Juni 26. Ndani yake kulikuwa na ushuru wa mafuta kupanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na makato ya asilimia 5 kwa pesa ambazo sisi watengenezaji wa maudhui ya mtandaoni tunapata. Sehemu kubwa ya vifungu vyake ilipangiwa kuanza Julai 1. Hesabu mwenyewe: siku tano. Lakini katika hizo siku tano, kuna watu waliokimbia Mahakama Kuu, na Juni 30, siku moja kabla ianze, mahakama ikaisimamisha kwa muda. Ndiyo, mwezi uliofuata Mahakama ya Rufani iliondoa amri hiyo, na kesi ikazunguka hadi Mahakama ya Juu. Sizungumzii nani alishinda mwisho. Nazungumzia dirisha. Kati ya sahihi na kuanza kuna dirisha, na anayejua tarehe ndiye anayeweza kupitia hapo.

Mfano wa tatu unatugusa sisi moja kwa moja. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ilitiwa sahihi Mei 16, 2018, na ilikuwa ianze Mei 30. Wanablogu walienda kortini, na Mei 29 Mahakama Kuu ikasimamisha vifungu 26. Usiku mmoja kabla! Baadaye, 2020, mahakama iliikubali sheria hiyo, lakini kwa karibu miaka miwili vifungu vile havikuweza kumfanyia mtu chochote. Hiyo haikuwa bahati. Ni watu waliosoma tarehe.

Sasa linganisha na vile sisi tulivyofanya Oktoba 2025. Tarehe 15 Rais alitia sahihi marekebisho ya sheria hiyo hiyo ya mtandao. Mbio zikaanza. Watu wakasema ukiposti tu kuhusu serikali usiku huo umekwisha. Vidio zikafutwa. Akaunti zikafungwa na wenyewe, bila karao yeyote kufika. Na siku saba baadaye, Oktoba 22, Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu. Hivyo kuna watu waliotii amri ambayo haikuwa imeanza kuwabana. Hofu haihitaji kuchapishwa kwenye Gazeti Rasmi. Inaanza siku ile ile ya uvumi, na inafanya kazi bure, bila bajeti.

Tena Katiba inakulinda hapo. Kifungu cha 50 kinasema huwezi kuhukumiwa kwa kitendo ambacho, wakati ulipokifanya, hakikuwa kosa. Sheria mpya haiwezi kurudi nyuma kuchimba posti zako za zamani na kuziita uhalifu. Kama kitendo kilikuwa tayari kosa chini ya sheria nyingine, hiyo ni hadithi tofauti. Lakini anayekutisha kwa sheria ambayo bado haijaanza anakuuzia moshi.

Mpaka hapo nimezungumza kama mtu anayetaka sheria zichelewe. Sasa nigeuze shati, kwa sababu upande wa pili ndio unaoniudhi zaidi.

Kuna sheria tunazozihitaji, na zenyewe hazianzi.

Chukua Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma. Rais Mwai Kibaki aliitia sahihi Januari 14, 2013. Ililetwa kubadilisha sheria ya zamani ya 1990 iliyosimamia mashirika yasiyo ya serikali, ili usajili uwe na utaratibu wazi na serikali isiweze kuyafunga mashirika kwa hasira. Ilipita Bungeni. Ilipata sahihi. Ilichapishwa. Milango mitatu safi kabisa. Lakini mle ndani, kwenye kifungu cha kwanza, kulikuwa na mstari mmoja mdogo: itaanza siku ambayo waziri ataitangaza kwenye Gazeti.

Waziri hakuitangaza. Mwaka ukaisha. Serikali ikabadilika. Mashirika yakaenda kortini, na Oktoba 2016 Mahakama Kuu ikaamuru tarehe itangazwe. Haikutangazwa. Agosti 2017, siku chache baada ya uchaguzi, bodi iliyokuwa ikifanya kazi chini ya ile sheria ya zamani ilitangaza kufuta usajili wa Kenya Human Rights Commission, shirika ambalo limekuwa likipigania haki za binadamu tangu miaka ya tisini. Sheria mpya ilikuwepo wakati huo. Ilikuwa imelala kwenye rafu.

Unajua ilianza lini? Mei 14, 2024. Miaka kumi na moja na miezi minne. Marais watatu. Mtoto aliyezaliwa siku ya sahihi alikuwa tayari anamwomba mzazi wake simu.

Weka hizo tarehe mbili kando kwa kando. Ya kukata asilimia 5 ya pesa yako: siku tano. Ya kuyalinda mashirika yanayokutafutia wakili ukishikwa kwenye maandamano: miaka kumi na moja. Halafu mtu ananiambia tarehe ni jambo dogo la kiufundi. Tarehe ndiyo siasa yenyewe, bana!

Na tuseme ukweli wote: hata sheria ikianza rasmi, inaweza kuwa maiti yenye cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa sahihi Novemba 8, 2019 na ikaanza kutumika tarehe 25 mwezi huo huo. Fiti kabisa, si ndio? Lakini Kamishna wa Data, yule ambaye ungempelekea malalamiko yako, aliapishwa Novemba 2020. Mwaka mzima una haki, lakini huna pa kubisha. Apu za mikopo zinawapigia watu wote kwenye simu yako, mpaka mwalimu wako wa shule ya msingi anajua una deni la shilingi mia nane, na sheria inayokataza hayo ipo tu, nzuri, imechapishwa.

Au Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo ya 2017. Hii ingetuletea ofisi huru ya kuchunguza vifo vya kutatanisha, vikiwemo vya watu wanaofia mikononi mwa polisi. Juni 2024 vijana walipopigwa risasi, miaka saba baada ya sahihi, ofisi hiyo haikuwepo. Familia zilisimama nje ya mochari zikisubiri majibu kutoka kwa watu wale wale walioulizwa. Huwezi kusema hatukuwa na sheria. Tulikuwa nayo. Haikuwa na mwili.

Sasa nisikilize upande wa pili, kwa sababu una hoja.

Hoja ya kwanza: serikali inahitaji muda. Sheria mpya inataka ofisi, wafanyakazi, kanuni, bajeti. Ukiilazimisha ianze kesho, itaanguka. Sawa, nakubali kabisa. Haraka haraka haina baraka. Lakini muda si sawa na giza. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilichapishwa kwenye Gazeti Februari 28, 2017, na ikaanza Agosti 28. Miezi sita kamili. Wenye viwanda walijua, mama mboga alijua, hata mimi nilijua siku ambayo karatasi ya plastiki ingekuwa shida. Hayo ni maandalizi. Kumwachia waziri kalamu bila kikomo si maandalizi, ni kumpa ufunguo wa nyumba ambayo Bunge limejenga na kumwambia afungue akijisikia. Na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hoja ya pili: sheria za ushuru lazima ziwe na haraka kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ni kweli pia. Lakini ona hoja hiyo inakiri nini. Inakiri kwamba serikali ikitaka, kalenda inaijua. Inajua kuandika kanuni, kupanga mifumo na kuanza kukusanya kabla hujamaliza kusoma habari. Kwa hivyo tusidanganywe kwamba shida ni uwezo. Shida ni nia.

Hoja ya tatu: hii hutokea kila mahali. Haswa! Uingereza kuna Sheria ya Pasaka ya 1928, ya kuweka siku maalum ya Pasaka, na mpaka leo haijawahi kuanza kutumika. Lakini kosa la jirani si ruhusa. Kanada waliona tatizo hilo wakaweka utaratibu: sheria ikikaa karibu miaka kumi bila kuanzishwa, inaingia kwenye orodha inayopelekwa Bungeni, na isipookolewa inafutwa. Maana yake mtu analazimika kusimama hadharani na kusema, hii tunaitaka au hatuitaki. Sisi kwetu inalala tu, na hakuna anayeulizwa.

Na usifikiri Katiba yetu haikuwaza haya. Kwenye kifungu hicho hicho cha 116, kuna kitu kitamu: sheria inayowapa wabunge faida ya pesa moja kwa moja haiwezi kuanza mpaka uchaguzi mkuu unaofuata upite. Walioandika Katiba walijua tarehe inaweza kuwa kufuli dhidi ya tamaa. Na walisema sheria bila maelezo mengine ianze siku ya 14. Hiyo ndiyo kanuni. Tarehe nyingine ndiyo isipokuwa. Kwa maoni yangu, waliposema sheria itaje siku au wakati, walimaanisha siku au wakati, si hisia za waziri.

Kwa hivyo nataka mambo matatu.

Moja, kila mswada uwe na tarehe iliyoandikwa. Kama kweli waziri lazima apewe nafasi ya kuchagua siku, basi kuwe na ukomo: isipotangazwa ndani ya mwaka mmoja, inaanza yenyewe, atake asitake. Mstari mmoja tu kwenye kifungu cha kwanza.

Mbili, kila mwaka Bunge litoe orodha ya sheria zilizotiwa sahihi na hazijaanza, na zilizoanza lakini hazina ofisi wala kanuni, na jina la waziri anayehusika kando yake. Wanapenda sana kusimama kwenye matanga na kuhesabu miswada waliyopitisha. Sawa, tuhesabu pia iliyokufa usingizini.

Tatu, sisi. Wakati wa maoni ya umma tunapigana na kifungu cha ushuru, na ni haki yetu. Lakini anza na kifungu cha kwanza. Ni kifupi, kinachosha, hakuna anayekitengenezea TikTok, na ndipo tarehe inapofichwa. Sheria ikishatungwa, tovuti ya Kenya Law iko wazi na ni bure. Fungua sheria yoyote, angalia juu: kuna tarehe ya sahihi na tarehe ya kuanza. Inakula bando kidogo kuliko vidio moja ya paka. Kabla ya kuandika "imepita," andika tarehe mbili hizo. Ukikosa ya pili, hiyo ndiyo habari yako, na ni kubwa kuliko uvumi.

Mwaka 2027 watakuja na fulana, leso na wimbo mpya. Kila mmoja atasema alipitisha sheria za vijana. Usibishane naye. Mwulize swali moja tu, mbele ya watu, na kamera ikiwa imewashwa: "Mheshimiwa, ilianza lini?"